Niliisikia Moto Ikinyamaza

Kosa ni langu. Msinitafutie kisingizio, wala msiniletee habari za shetani. Shetani hakunishika mkono kwenda kununua pikipiki. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, hapa hapa Likasi.

Huku kwetu pikipiki tunaiita moto. Basi moto ile niliiingiza nyumbani mimi mwenyewe, ikatuunguza.

Mume wangu, nitamwita Baba Trésor, huchukua samaki kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele alfajiri, anapita kwetu njiani, na kuwafikisha soko la Kikula kabla jua halijawa kali. Niseme alikuwa akifanya hivyo. Siku zote aliendesha moto ya kukodi. Mimi nauza vitenge mbele ya nyumba yetu, na biashara ilipokuwa nzuri nikasema nitamnunulia moto yake mwenyewe. Pesa ilikuwa yangu, nikataka na neno la mwisho liwe langu.

Dukani kulikuwa na moto mbili za porini, zote zimekwisha tumika, zote za magurudumu yenye meno ya kukamata matope. Moja ilikuwa quatre temps, yaani injini ya mapigo manne, nzito, yenye mlio wa chini, inapita dirishani hata hugeuzi kichwa. Ya pili ilikuwa deux temps, ya mapigo mawili, ile ambayo mafuta ya injini unayachanganya na petroli humo humo ndani ya tangi. Nyepesi, moshi mtupu, na kelele! Muuzaji alipoiwasha, ngriiiii, mtoto mgongoni mwa mama mmoja akaanza kulia.

"Tukamate ile ya quatre temps, Mama Trésor," mume wangu akasema. "Ile njo minazoea. Ile ingine inalia mubaya, batu bote batanicheka."

"Apana. Ile inalia njo iko na nguvu."

Mwongo mimi! Nguvu ya injini nilijua nini? Nilitaka kelele zake.

Nilikuwa na wivu, jamani. Wivu wa kula chakula usisikie chumvi. Chini ya mteremko wa mwisho, kabla ya kufika kwetu, kuna mama mmoja mjane anayeuza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Baba Trésor alikuwa akisimama pale kutuliza kiu. Kwa quatre temps ningejuaje amesimama saa ngapi, ameondoka saa ngapi? Deux temps ningeisikia tangu juu ya kilima.

Na lipo lingine, baya zaidi. Siku ya kumalizia malipo nilikwenda peke yangu, na muuzaji akanionya. "Mama, umwambie papa, kwa mutelemuko asifunge gaz muda murefu. Mafuta inaingia pamoya na essence. Essence ikikatika, mafuta nayo inakatika, moteur inakauka, inakamata. Gurudumu inafunga palepale!"

Mume wangu alizoea quatre temps. Ile ukifunga gaz kwenye mteremko, yaani ukiachia mkono wa petroli, injini inakushikilia taratibu hadi chini. Ndivyo alivyoshuka kilima kile maisha yake yote.

Habari ya kuchanganya mafuta nilimfikishia. Ya mteremko nikaimeza. Nilijua akiisikia tu atasema, "Unaona? Tuirudishe." Nikajiambia nitamwambia baadaye. Baadaye!

Basi nikaanza kazi yangu ya kusikiliza. Natandika vitenge, namsikia kileleni. Nahesabia mteja chenji, namsikia anashuka. Akisimama kwa yule mama, alikuwa na tabia moja: kabla ya kuzima aliivuta mara moja, vruuum, itapike moshi, ndipo inanyamaza. Akifika nyumbani namuuliza, "Munkoyo ilikuwa tamu?"

"Weye iko na masikio ya mbwa!" anajibu, anacheka kweli kweli. Mimi sikuwa nikicheka.

Asubuhi ile barabara ilikuwa na utelezi wa mvua. Nikamsikia kileleni kama kawaida. Akaanza kushuka, mlio ukapungua, nikajua amefunga gaz. Halafu ghafla, kimya.

Hakuivuta.

Hapa ndipo ninapoungama, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Nilijua hakuivuta! Masikio yangu yaliniambia kabisa kwamba kimya kile si cha kuzima moto. Nilisimama na kitenge mkononi. Kisha wivu ukanijibu: amekwisha jua unamsikiliza, sasa anazima kimya kimya ili usimgundue.

Nikakaa. Mama yangu wee, nikakaa!

Nikauza vitenge vyangu. Nikasonga bukari, ugali wetu, nikala, fungu lake nikampa jirani. Nikaingia ndani nikatia komeo, ili akija agonge mpaka mkono umuume. Hata matusi nilikuwa nimeyapanga, la kwanza lipi na la mwisho lipi. Jua lilipofika utosini bado sijamwona, na badala ya kuogopa nikazidi kuvimba.

Mlango ukagongwa, lakini ilikuwa sauti ya mwanamke. Yule yule mama wa munkoyo, anahema, kitenge chake kina damu.

"Mama Trésor! Bwana yako iko mu mufereji! Minatoka ku matanga, minamukuta pale, moto iko juu yake. Tangu asubui iko pale! Haukusikia?"

Hakuwepo hata kwake! Alikuwa matangani tangu siku iliyotangulia, na kibanda chake kimefungwa.

Tulikimbia. Injini ilikuwa imekamata, imekwama kwa kukosa mafuta, gurudumu la nyuma likafunga, moto ikamrusha mferejini ikamlalia, na kitunga cha samaki juu yake. Nyasi pale ni ndefu, malori yalipita bila dereva kumwona. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita. Samaki walikuwa wamekauka kwa jua, nzi wamejaa. Bomba la moshi, lililomuunguza mguu hadi ndani, nililigusa nikiinua moto, na lilikuwa baridi.

Mguu ulikatwa. "Mungemuleta mapema kiloko, tungejaribu," daktari akaniambia kwa upole. Hakujua anamwambia nani.

Lakini si mguu unaonikosesha amani. Alipopata nguvu ya kusema, aliniuliza, "Mama Trésor, haukusikia moto?"

"Apana. Radio ilikuwa inalia."

Akanipapasa mkono. "Si kitu. Mule mu mufereji nilikuwa najiambia, Mama Trésor iko na masikio, atasikia moto inanyamaza, atakuya. Njo maana nilikubaliaka ile moto na makelele yake. Nilijua unapenda kusikia kama nafika muzima."

Alidhani ni mapenzi! Muda wote ule nikimpeleleza, yeye alidhani ni mapenzi.

Nilitoka nje nikalia mpaka wauguzi wakaniletea maji. Sikumwambia ukweli siku ile, na mpaka leo sijamwambia. Nimewaambia ninyi.

Moto ilitengenezwa, tukaiuza. Aliyeinunua ni mchuuzi kijana, na kila asubuhi anashuka kilima kile kile. Kila inaponyamaza naacha vitenge nakimbia. Juzi nilimkuta amesimama kichakani anajisaidia, akanicheka hadi machozi. Wateja wananiona nimepata wazimu. Baba Trésor anakaa mlangoni na magongo yake, ananitazama nikirudi nahema, na ananisifu: "Weye iko na roho muzuri."

Roho nzuri, mimi!

Dada zangu, ya deux temps au ya quatre temps, mwache anayeiendesha achague, maana mwili utakaoanguka ni wake. Ukipewa onyo la kumfikishia, lifikishe siku hiyo hiyo hata kama litakuharibia mpango wako. Na ukisikia kimya usichokielewa, usikae ukakitafsiri kwa hasira yako. Inuka, kimbia, kaangalie. Ugomvi utauanzisha ukishamkuta mzima.