Torleiv Hakukaza Tena

Mume wangu Torleiv aliendesha lori la maziwa katika milima yetu kwa miaka thelathini na minne, na halikumpindukia hata mara moja. Sifa hiyo ilimpanda kichwani. Kila Oktoba, theluji haijaanguka, hujaribu uani minyororo inayofungwa kwenye tairi zisiteleze, akisoma namba iliyo ubavuni mwa tairi na kuilinganisha na ile ya kwenye sanduku la minyororo. Mtu akinunua minyororo kwa kukisia, Torleiv humcheka wiki nzima.

Binti yetu Ingunn alifundishwa sheria moja kabla hata ya kuwasha gari: ukishafunga minyororo, nenda hatua mia, simama, shuka, kaza tena, kwa maana hulegea gari likianza kwenda.

Jumamosi ile tulikuwa tukivuka mlima kwenda kumbatiza mtoto wa Ingunn. Sisi tulitangulia na gari letu la mizigo, Ingunn akafuata na gari lake dogo, mtoto kalala kitini. Dhoruba ilikuwa imeanza, kwa hiyo kwenye kizuizi cha barabara tukapangwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji. Ndani ya msafara husimami. Ukisimama, wa nyuma hakuoni, anakugonga.

Torleiv alishuka kufunga minyororo. Nilimwona akivua glavu, akipuliza vidole, akizivaa tena. Vidole vyake vina ganzi huu mwaka wa pili. Najua, ila yeye hataki jambo hilo litajwe. Tukasogea hadi mbele ya foleni. Hakushuka tena.

"Hukazi?" nikamuuliza.

"Imekaza."

"Torleiv, shuka ukaze. Au nishuke mimi."

"Wewe kaa. Tangu lini umekuwa fundi wa minyororo?"

Msimamizi wa msafara akagonga kioo. "Uko tayari, mzee?"

"Tangu jana," akajibu mume wangu.

Tulipoanza kuteremka upande wa pili, kitu kikaanza kugonga nyuma yangu, pa, pa, pa. Mnyororo ulikuwa umelegea na unachapa madigadi, pale pale unapopita mpira wa mafuta ya breki. Tukisimama, Ingunn angetuingia, na nyuma yake yalikuwapo magari kumi. Mpira ukikatika, tungeishia bondeni.

Torleiv akashusha gia, tukawa tunakwenda mwendo wa mtu anayetembea. "Angalia taa za Ingunn," akasema. "Zikikaribia, niambie."

"Zipo mbali."

"Sasa?"

"Zipo mbali, Torleiv. Angalia mbele."

Tulikwenda hivyo kilomita tano, nami nageuka kila dakika hadi shingo ikakakamaa.

Kwenye kizuizi cha chini akalala chini ya gari. Nikainama naye. Mpira wa breki ulikuwa umechubuka hadi nyuzi za ndani zinaonekana.

Ingunn akaja na mtoto kifuani. "Baba, leo umetuburuza kama konokono. Nimekusonya njia nzima. Nikasema huyu sasa kazeeka."

Nilingoja amjibu kwa kejeli, kama kawaida yao. Torleiv akajiinua polepole, akajipangusa theluji mgongoni.

"Nimezeeka," akasema. "Vidole havishiki. Sikukaza."

Ingunn akamnyooshea mtoto ampakate. Torleiv akamtazama mjukuu wake, akatia mikono mfukoni, akaniambia mimi nimpokee.