Baada ya Salamu

Sikuwa na subira hata chembe miaka ile, na kazi niliyoipata ilinifundisha kujivunia kasoro hiyo. Nilikuwa nasoma shahada ya pili Maryland, nimepanga chumba cha chini katika nyumba ya Mkenya mmoja huko Beltsville, na kila Jumamosi niliendesha gari langu bovu hadi Columbia kwa profesa mstaafu wa historia, mama wa Kizungu aliyekuwa amejaza sebule yake masanduku. Ndani yake mlikuwa na fotokopi za barua za ofisi ya jimbo moja la Nyuzilandi, za karne ya kumi na tisa, wakati koloni lile la walowezi wa Kiingereza lilikuwa bado limegawanywa katika majimbo, kila jimbo na mkuu wake wa kuchaguliwa, baraza lake na makarani wake. Yeye alikuwa anaandika kitabu. Mimi nilimwandalia orodha: nani aliandika, alitaka nini, alijibiwa nini.

Nilitarajia kukuta vita na magavana. Nikakuta pantoni. Mvushaji analalamika kwamba kamba ya pantoni yake imechakaa, mwalimu anaomba jiko la kupashia darasa joto, walowezi wa bonde fulani wanataka daraja na wameshachoka kuahidiwa. Baba yangu alikuwa karani wa wilaya kule Morogoro, nami nilicheka peke yangu kwa jinsi nilivyowatambua watu wale. Ofisi ni ofisi.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Barua ikifika, karani aliikunja, na mgongoni mwake akaandika namba, jina la mwandishi, na shauri lake kwa mstari mmoja. Mkuu wa jimbo alisoma mgongo tu, kisha akaandika chini yake: ndiyo, hapana, isubiri. Basi na mimi nikawa nasoma mgongo tu. Profesa alikisia kwamba sanduku moja lingenichukua miezi miwili. Nililimaliza kwa Jumamosi tatu. Alinisifu, nami nikavimba kichwa.

Barua za Wamaori, wenyeji wa ardhi ile, zilikuja kwa lugha yao, na karani mkalimani aliambatisha tafsiri ya Kiingereza. Karibu kila tafsiri ilianza kwa namna moja: baada ya salamu, anasema kadha wa kadha. Barua yenyewe kurasa tatu, tafsiri mistari sita. Nilimpenda sana yule karani. Nilimwona ni mtu anayejua kazi, asiyepoteza muda wa mkubwa wake.

Kipindi hichohicho mama mmoja wa kanisani kwetu aliniomba nimtafsirie barua. Alitoka Bukavu, alikaa Bladensburg, na kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Binti yake wa miaka kumi na sita alikuwa kambini Kigoma, na mama alikuwa anamwombea aruhusiwe kumfuata Marekani. Kikwazo kilikuwa kimoja, na watu wa uhamiaji walikuwa wamekiuliza waziwazi: kwa nini jina la binti huyu halikuwamo katika fomu ya kwanza aliyoijaza mama, alipotakiwa kuorodhesha watoto wake wote? Asipolieleza hilo vizuri, mtoto angebaki kule.

Aliniletea kurasa nne za mkono. Ukurasa wa kwanza niliupitia juujuu. Anawasalimu wakubwa wa ofisi na familia zao, anawatakia afya, anamshukuru Mungu kwa hili na kwa lile, anataja waliofariki na waliosalia. Barua za namna hiyo nimezisoma tangu utotoni, nikazizoea kama mtu anavyozoea mlio wa friji. Nikauruka. Mbele zaidi nilikuta habari za vita, kukimbia, makaratasi kupotea, nikaona hilo ndilo jibu. Nikaandika kwa Kiingereza safi, nusu ukurasa, kwamba jina lilikosekana kwa sababu ya vurugu za vita. Nilijipongeza. Nilimwambia mama kwamba Wamarekani hawapendi maneno mengi, naye akanishukuru na kuniletea sambusa.

Jibu lilichukua miezi saba. Alinikabidhi bahasha baada ya ibada, tukaketi ndani ya gari langu nje ya kanisa, nikamsomea. Ombi limekataliwa. Maelezo kuhusu jina kukosekana hayakutosha. Anaweza kuomba upya. Mama alikunja karatasi mara nne na kuitia kwenye mkoba.

Jioni ile niliitafuta barua yake ya mkono, nikaisoma kuanzia neno la kwanza. Ilikuwa pale, katikati ya salamu. Alikuwa anamshukuru Mungu aliyemrudishia mtoto ambaye walikuwa wamekwisha kumlilia. Jirani alimletea kitenge cha binti na kumwambia amemzika kwa mikono yake mwenyewe. Wakaweka matanga. Fomu aliijaza akiwa katika msiba, akaandika watoto aliokuwa nao. Mwaka mmoja baadaye simu ikalia, na sauti ya binti yake ikamwita kutoka Kigoma.

Jibu lote la swali lao lilikuwa pale, na mimi nililitupa. Yeye alikuwa ameliweka mahali pake, kwa sababu kwao, na kwetu pia, huingii kwenye ombi kabla hujasema nani yuko hai na nani hayupo. Nililelewa hivyo. Niliona aibu.

Jumamosi iliyofuata nilitoa barua moja ya Kimaori, ile yenyewe, si tafsiri, nikaiweka mbele ya profesa. Nilimuuliza salamu zile zinasema nini. Akasema hajui, kwamba miaka yote amezitegemea tafsiri, na hajawahi kuuliza. Alilisema hilo bila kujitetea, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa vitabu vyake. Tulitazama maneno tusiyoyajua. Huenda mlikuwa na majina ya waliozikwa kwenye ardhi iliyokuwa inagombewa, huenda mlikuwa na salamu tupu. Mkuu wa jimbo aliamua bila kujua. Nilirudi kwenye sanduku la kwanza na kuanza upya, safari hii kwa kufungua kila barua, na profesa akaanza kutafuta mtu anayesoma Kimaori.

Kisha nikaenda Bladensburg kusema ukweli. Nilimweleza yule mama wazi kwamba habari za kifo na matanga hazikufika ofisini, kwamba mimi niliziacha.

"Miye nilifikiria balisoma," alisema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Nilifikiria balisoma vile nilimulilia mutoto wangu, kisha bakasema ninadanganya."

Tangu siku ya bahasha alikuwa ameishi na wazo hilo. Aliamka, akapanda basi, akawaogesha wazee wa watu, akijua kwamba kuna mtu mahali fulani amesoma habari za msiba wake na kuona hazitoshi. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisogeza kiti karibu na meza na kuniambia niandike.

Barua ya pili ilikuwa kurasa sita za Kiingereza, salamu zote zikiwemo. Nilipomaliza, alitaka nimsomee yote kwa sauti, lugha asiyoielewa, naye akasikiliza mpaka mwisho.

Binti alifika mwaka uliofuata. Nilikuwapo uwanja wa ndege, nimesimama nyuma kidogo ya wenyewe. Walipokwisha kukumbatiana, mama alimgeuza kwangu na kumwambia huyu ndiye aliyeandika barua. Binti alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Merci, tantine," alisema, akiniita shangazi kwa Kifaransa. "Bila weye ningekuwa bado kule."

Nilimtazama mama yake; ilionekana hajamwambia habari za barua ya kwanza. Aliyainamisha macho na kuanza kufunga vifungo vya koti la mwanawe, kimoja kimoja, mpaka juu.