Picha Safi kwa Viti Vibovu

Wenzake walimwita Kiwango, naye akalivaa jina hilo kama cheo. Katika shirika lao lenye matawi kila upande, yeye ndiye aliyesimamia ruta ya makao makuu, mtambo wa mtandao uliorusha hotuba za Mkurugenzi. Hotuba ilitoka studio mara moja tu. Ruta ikaitolea nakala, moja kwa kila chumba au tawi lililoomba. Aliyeomba aliwekewa njia yake ndani ya ruta, na asipoomba tena, njia ilifutika yenyewe. Na kwa kuwa nakala zikizidi picha hukatika kwa wote, Kiwango aliweka ukomo. Njia zikijaa, aliyechelewa anakataliwa, hata alie machozi ya damu.

"Mtandao hauna mjomba," aliwajibu makarani wa matawi walipolalamika, kisha akakata simu bila kuaga.

Uongo mtupu! Mjomba alikuwepo. Siku moja skrini ya Naibu Mkurugenzi ilikwama katikati ya hotuba, Naibu akafoka mpaka walinzi wa getini wakasikia. Tangu hapo Kiwango akabuni namna yake ya kujikomba: njia za wakubwa alizipigilia msumari, kama alivyopenda kusema. Njia ya mkubwa haikufutika, ameomba hajaomba, yupo hayupo. Wakubwa wakahama, wakastaafu, vyumba vyao vikapewa kazi nyingine, na misumari ikabaki palepale. Kung'oa msumari wa mkubwa? Bwana huyu angeng'oa jino lake kwanza. Wala shida kubwa haikutokea, maana siku za kawaida ni matawi machache tu yaliyokuwa na hamu ya kumsikiliza Mkurugenzi.

Mwaka aliochaguliwa mfanyakazi bora, alimpigia simu mama yake, ambaye hakuwa amemwona kwa muda mrefu kwa sababu mwana kila siku ana kazi.

"Mama, kesho nenda ofisini kwa dada. Utaniona kwenye skrini kama vile niko mbele yako."

"Nitakwenda, baba. Hata kwa magongo nitakwenda."

Dada yake alikuwa karani wa mapokezi kwenye tawi la mbali. Siku ya sherehe matawi yote yaliamriwa yawashe skrini, na yote yakatii kwa mpigo. Kiwango alikuwa amekaa jukwaani, shati limepigwa pasi, simu ilipotetemeka mfukoni. Akainama kupokea. Alikuwa fundi mwenzake, mwanamke mmoja asiye na maneno mengi, kutoka chumba cha mitambo.

"Kaka, njia zimejaa. Tawi la dada yako limekataliwa, mama yako anatazama skrini nyeusi. Ning'oe msumari wa Naibu? Si alishastaafu?"

Kiwango akatupa jicho mstari wa wageni. Naibu mstaafu alikuwa pale pale, amesinzia, kidevu kifuani. Mtu hawezi kusinzia hapa na kutazama skrini kule. Hilo hata Kiwango alilijua.

"Akija kujua je?" alinong'ona. "Usiguse."

Mkurugenzi akamsifu kwa kutokuwa na upendeleo. Kiwango akashika kipaza sauti, akapunga mkono kwenye kamera na kusema, bila haya, "Mama yangu ananitazama sasa hivi." Ukumbi ukalipuka makofi.

Baadaye, cheti kwapani, alipita mbele ya ofisi ya zamani ya Naibu akasikia sauti yake mwenyewe ndani. Akasukuma mlango. Chumba kilikuwa stoo ya viti vibovu, vimerundikwa miguu juu. Ukutani skrini ilikuwa ikionyesha marudio ya sherehe, na Kiwango wa kwenye skrini alikuwa akivipungia mkono, picha safi, haikatiki hata kidogo.

Simu ikaita.

"Mwanangu, nimekaa mpaka wakafunga ofisi. Dada yako anasema nafasi zilijaa. Walikuwa watu wengi?"

Aibu ilimpanda, na safari hii aliyepiga hakuwa karani wa kukatiwa simu.

"Wengi, mama."

"Wakubwa?"

"Wakubwa."

"Basi si neno, baba. Hata mimi nisingependa kumnyang'anya mtu nafasi yake."

Kiwango alitafuta pa kukaa. Hakukuwa na kiti hata kimoja kizima.