Fatiha ya Mwenyekiti

Habari za Sirakusa nilifunzwa na mwalimu wetu wa historia ya kale pale koleji, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Alikuwa Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili ukubwani, akiniita "dada" mbele ya darasa zima. Wagiriki wa Korintho, alisema, walihama kwao wakajenga mji kisiwani Sisilia, ugenini kama sisi. Kisha, kwa kuogopa maadui, wakajitwisha watawala wa mabavu. Wakimwondoa huyu, anakuja yule. Mmoja wao alizua kwamba amevamiwa, akaomba walinzi, na watu wenyewe wakaridhia apewe. Nikaangua kicheko hadi wenzangu wakageuka. Ningeachaje kucheka? Mtu huyo nilikuwa namjua.

Wetu alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa pwani. Chama tulikianzisha kwa ajili ya harusi na Idi, lakini zaidi kwa ajili ya maiti, maana huku Marekani ukifa bila watu wako, nani atakuosha? Siku moja akatangaza kwamba gari lake limekwaruzwa na maadui huko Bladensburg. Tangu hapo akawa hatembei bila majibaba mawili ubavuni. Uongo mtupu! Aligonga nguzo mwenyewe akirudi nyuma, na aliyekuwa amekaa kiti cha mbele ni baba yangu.

Lakini silaha yake hasa haikuwa wale wawili. Ilikuwa fatiha. Kwetu jambo likishasomewa fatiha limekwisha, halirudiwi. Basi yeye akitoa shauri lake, hujafungua mdomo, keshasema, "Al-Faatiha!" Viganja vyote wazi, midomo yote inacheza. Utampinga vipi mtu na mikono umemwinulia Mungu? Wallahi sijaona mjanja asiye na haya kama yule.

Kwenye mkutano wa Upper Marlboro akataka awe mwenyekiti mpaka achoke mwenyewe. Nikasimama huko nyuma kwa wanawake kabla hajaiwahi fatiha yake. Nikawaeleza Sirakusa yote, na jinsi mtoto wa yule mtawala alivyofukuzwa akaishia Korintho kusomesha watoto. Nikaeleza na gari, na nguzo. "Muulizeni baba yangu, huyo hapo mbele!"

Baba akatazama viatu vyake.

Mwenyekiti akatabasamu. "Dada yetu amesoma, mashaallah. Lakini fitina hatuitaki. Kuanzia leo hatumwendei, si kwa harusi, si kwa maiti. Al-Faatiha!"

Nikaviona viganja vya baba vikifunguka pamoja na vya wengine. Akaitikia amin, tena kwa sauti.

"Baba, si ulimwona kwa macho yako?" nilimuuliza garini.

"Nilimwona, mwanangu. Lakini mimi ni mzee. Nani ataniosha?"

Niliendesha kwa hasira mpaka nyumbani Beltsville.

Baba alifariki baridi ilipoingia. Sina mume, sina kaka. Nilipiga simu kwa niliowapikia pilau za harusi zao, hakuna aliyepokea. Mwisho nikampigia yeye mwenyewe.

"Tutakuja, mama," alisema kwa upole. "Wewe nyamaza tu."

Nikasema sawa.

Wakaja, nyumba ikafurika. Wanawake wale wale wasioshika simu wakanikumbatia na kulia begani mwangu, loo, utadhani jana tulikula pamoja! Baba walimwosha vizuri, siwezi kusema uongo. Sanda ilikaa sawasawa, na harufu ya marashi ikajaa hadi jikoni. Jeneza likawekwa sebuleni, tayari kuinuliwa. Mwenyekiti akasimama upande wa kichwa.

"Marehemu alikuwa nasi siku zote," alisema. "Na binti yake leo amerudi kwetu, na uongozi ni ule ule tuliokubaliana. Al-Faatiha!"

Niliapa moyoni kwamba siinui mkono. Lakini fatiha ile ilikuwa ya baba yangu pia, yuko pale amelala, hana kingine cha kupewa. Ningemnyimaje? Mikono ikapanda. Yule bwana hakunitazama usoni. Alitazama viganja vyangu, akangoja.

Nikasema amin.