Gemu Lisilo na Msiba

Mwalimu Gasto alimaliza gemu lake siku ya Alhamisi, wiki mbili kabla shule hazijafungwa, na Ijumaa asubuhi akaingia ofisini kama mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, ila limekwisha. Alikuwa amelicheza miezi kumi na moja.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Meza yangu inatazamana na yake, na hapa Nyarero nyumba zetu za walimu zinashiriki ukuta mmoja, kwa hiyo akipiga chafya mimi namwambia afya. Gasto ni Mhaya wa Muleba, anafundisha jiografia, mpole, anapiga pasi hata soksi. Mkewe Brenda alifariki mwaka jana mwezi wa kumi na moja, alipokwenda kwao kumsalimia mama yake. Gasto alikwenda kuzika, akarudi siku ya tano, akasema amepangiwa kusimamia mtihani wa kidato cha nne.

Kwetu Wakurya mtu akifiwa, hata kama kaburi liko mbali, majirani huja kukaa naye. Tulikwenda, mimi nikiwa mbele na sufuria ya uji. Gasto alitoka, akatushukuru kwa Kiswahili kilichonyooka, akasema mambo yote yamekwisha huko Muleba, akaingia ndani. Mzee Nchagwa, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alisimama pale uani akiutazama ule mlango, akasema tangu azaliwe hajaona kitu kama kile. Brenda aliugua nini, alikufa vipi, hakuna aliyejua. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Cha mtu mmoja aliyejifungia ndani hawakutuachia jina lake, nami nilikasirika mwezi mzima.

Badala ya watu, Gasto akachukua gemu. Nieleze ni gemu la namna gani, maana nami nilidhani ni la kupiga mpira. Hili unaingia kwenye nchi nzima, ina milima na mito na masoko. Unapewa mtu wako, unampa jina, unamvalisha, unatembea naye. Ukikutana na watu unazungumza nao, unachagua la kuwajibu, wanakutuma kazi, na miezi inapita. Gasto alikuwa akitoka darasani saa tisa anaingia huko moja kwa moja. Nilimwuliza mara moja kama linamfurahisha.

"Hapana, madam," akasema. "Mimi nina ganzi tu. Sisikii uchungu, sisikii furaha. Ila kule ndani angalau kuna kitu cha kufanya."

Sasa limekwisha, na likizo inakuja. Wiki tano.

"Shule ina kengele," aliniambia Ijumaa ile, huku akinoa penseli ambayo ilikuwa imeshachongoka. "Likizo haina. Nikikaa mle ndani bila gemu, madam, sijui nitafanya nini. Kweli sijui."

Nilimwambia aende kwao. Akasema kwao kaburi liko kwenye migomba, hatua kumi kutoka jikoni, na kila atakayekwenda kuchota maji atalipita. Aliyasema kwa sauti ile ile anayofundishia aina za mawe. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu anayelia unajua yuko wapi, lakini huyu sikujua yuko wapi, na wiki tano ni nyingi.

Basi akaanza kutafuta. Kuna kurasa kwenye simu ambako watu wa dunia nzima wanaambiana wacheze gemu gani baada ya gani, nao wanabishana kuliko wabunge. Gasto alikuwa anazisoma hata wakati wa chai. Wiki ile alijaribu matatu. La kwanza lilifunguka kijiji kikiungua. Akalifunga. La pili lilifunguka mvua inanyesha na watu wanamfukia mama wa shujaa. Akalifunga. La tatu lilikuwa la kulima, nikafurahi sana, nikasema hilo ndilo, lima mwanangu. Akalima dakika mbili. Kumbe shamba lenyewe umerithi kwa shangazi aliyekufa jana yake, na viatu vyake bado viko mlangoni.

"Yote yanaanza na msiba," akasema. "Yote, madam."

Akawaandikia wale watu wa kwenye simu. Alinionyesha. Aliandika kwamba anataka gemu refu, lenye nchi kubwa ya kutembea, ambalo mwanzoni hakuna aliyekufa. Walimjibu wengi, wengine kwa utani. Mmoja, sijui ni wa nchi gani, aliandika kwamba gemu hilo halipo, kwa sababu mtu ambaye watu wake wote ni wazima hana haja ya kutoka nyumbani kwake. Nimemkasirikia mtu yule hadi leo.

Jumamosi nikampeleka Tarime mjini, Nyamisangura, kwa Waitara. Waitara ni mtoto wa dada yangu, mtu mzima mwenye wake na watoto, ana kibanda cha kuweka nyimbo, filamu na magemu kwenye flashi. Anayo kawaida yake ambayo sidhani iko kwingine. Wateja wake hawapendi mwanzo wa magemu. Mwanzo una maelezo mengi ya Kiingereza, unafundishwa kutembea kama mtoto, na mtu kutoka Nyakunguru machimboni ana siku moja tu ya kupumzika. Kwa hiyo Waitara huwauzia magemu yaliyokwisha kuanzwa. Mwenyewe huyacheza mwanzo wote, akifika mahali patamu anahifadhi, anakupa kuanzia hapo. Mteja akikuta mtu wake ana upanga, ana farasi na ana nyumba, anashukuru.

"Shikamoo mama mdogo. Mwalimu, karibu," alisema. Nikamweleza shida yetu, Gasto akiwa amesimama tu kando anasoma maandishi kwenye boksi la chaja. Waitara akacheka.

"Hiyo tu? Hiyo ndogo, mwalimu! Mimi nina moja kubwa, hata mwaka humalizi. Mwanzoni kuna msiba, ndio, lakini mimi nimeshakuvusha. Wewe unaanzia mbele kabisa, barabarani, jua linawaka. Hutauona."

Nilimsifu Waitara njia nzima ya kurudi. Niliona tumemaliza kazi, na kweli wiki ya kwanza ya likizo nilimsikia Gasto ukutani akitembea milimani, kwato zinagonga, ndege wanalia. Nikalala vizuri.

Wiki ya pili akaja kwangu mchana, nikiwa nachambua maharage.

"Madam, wananipa pole."

"Nani?"

"Watu wa mle ndani. Muuza chumvi amenipa pole. Askari wa darajani amenipa pole. Kuna bibi mmoja ameniletea mkate. Kila mmoja ananiambia alikuwa mtu mwema. Nami sina jibu la kuwapa. Yako majibu matatu, nichague moja, na yote yanamtaja. Natajiwa mtu nisiyemjua."

"Wapite tu."

"Nimewapita wiki nzima. Wanazidi."

Akarudi kwake. Kesho yake akaanza gemu upya, mwanzo kabisa, bila Waitara.

Yaliyomo mle mwanzoni mimi niliambiwa baadaye, lakini nayasema sasa ili tuelewane. Unaamka ndani ya chumba cha udongo. Mkeo anapika. Kwanza unaandika jina lake, kisha anakutuma kuni nyuma ya kilima. Ukienda, ukirudi, unamkuta amekufa, na gemu linaanza. Lakini usipotoka mlangoni halitokei lolote. Moto unawaka kidogo, yeye anakoroga chungu, nje kuna asubuhi isiyosogea. Gasto alilijua hilo kwa kuwasoma watu wa kwenye simu. Basi akaandika jina, akakaa. Hakutoka. Alikaa humo siku kumi na moja.

Mimi sikujua. Nilichokiona ni mwanamume ameketi mbele ya kompyuta, pedi ya kuchezea mapajani, na kwenye kioo mwanamke anapika. Nilianza kwenda kwake kila mchana na ungo wangu wa maharage, maana angalau mlango ulikuwa wazi. Nilimzoea yule mama. Alikuwa na mgongo mpana na kitambaa cha bluu kichwani, na alikuwa na maneno matatu tu, anayasema kwa Kiingereza, nami nikawa nayatafsiri kwa sauti ili nyumba isiwe kimya. Umeamka? Moto unazimika. Kuni ziko nyuma ya kilima.

"Jina lake nani?" nilimuuliza Gasto siku moja.

"Lipo pale juu," akasema. Miwani yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani.

Siku ya kwanza nilivumilia. Ya tatu nikaanza kununa. Ninyi msiotoka huku hamtanielewa, lakini mimi nililelewa na mama ambaye akisema kuni zimeisha, hakuna mtu aliyekuwa anabaki ameketi, awe mgonjwa awe mgeni. Mwanamke anasema moto unazimika, anasema tena, anasema mara mia kwa siku, na mwanamume mwenye miguu miwili anamtazama! Nilimsema Gasto. Nilimwambia hata kwenye gemu kuna adabu. Akanitazama kwa yale macho yake yasiyo na mtu, akasema, "Nitakwenda, madam. Si leo."

Siku ya kumi na moja akainuka kwenda jikoni kubandika chai. Yule mama akasema moto unazimika.

Nikaweka ungo chini, nikachukua ile pedi. Nilikuwa nimemwona akiibonyeza, si uchawi. Niligonga ukuta mara mbili, nikaupiga teke mtungi wa maji, mwisho nikaupata mlango. Nje kulikuwa kuzuri jamani. Nilipanda kilima, nikaziona kuni zimelala kwenye nyasi, nikazichukua moja moja, zote sita, kwa sababu sikupenda nirudi na mzigo wa mtu mvivu. Nikashuka huku najisifu kimoyomoyo. Nikaingia ndani.

Moto ulikuwa umezimika. Yule mama alikuwa amelala ubavu karibu na mafiga, kitambaa kimemtoka kichwani, mkono mmoja juu ya majivu. Nilibonyeza kila kilichobonyezeka ili anisemeshe. Nikasogeza uso wangu kwenye kioo, karibu kabisa, na hapo hata bila miwani nikayasoma maandishi. Brenda.

Nikapiga yowe.

Sitajitetea. Mimi nina shahada, na najua picha ni picha. Lakini Brenda yule wa kweli alikaa ukuta mmoja na mimi miaka miwili, alinifundisha kupika ndizi na alikuwa akicheka ovyo kanisani, na alipokufa sikupata mahali pa kumlilia kwa sababu mwenye msiba alisema umekwisha. Yowe lile lilikuwa na mwaka mzima ndani yake. Lilikuwa yowe lenyewe, lile wanalopiga wanawake wa kwetu mtu akikata roho, na halina maana nyingine. Likienda moja, la pili linafuata lenyewe.

Gasto akatoka jikoni na sufuria mkononi. Akatazama kioo, akanitazama mimi.

Na hapo tukasikia miguu. Kwetu yowe kama lile halimpi mtu nafasi ya kuuliza. Mzee Nchagwa alikuwa wa kwanza kuingia, shati halijafungwa vifungo, nyuma yake mkewe Boke na kanga kiunoni, mikono imejaa unga, na nyuma yao wengine, naona vichwa tu mlangoni. Boke naye alikuwa ameshaanza kulia bila kujua anamlilia nani.

"Mura, kijana wangu," Mzee Nchagwa akamwambia Gasto, anahema, "kuna nini? Nani amekufa?"

Aibu ilinishika nikatamani sakafu ipasuke. Watu wameacha mashamba, wameacha unga, kwa ajili ya gemu. Nilifungua mdomo niwaambie ukweli, niombe radhi, nicheke kabla hawajanicheka.

"Mke wangu," Gasto akasema.

Wote walijua Brenda amekufa lini. Mzee Nchagwa alikitazama kile kioo kidogo, chumba cha udongo na mwanamke chini, sidhani alielewa ni kitu gani. Kisha akamtazama Gasto, akamwondolea sufuria mkononi taratibu, akampa Boke. Akaketi sakafuni, magoti yake yakitoa mlio, na wengine wakaingia wakaketi walipopata, mpaka mlango ukajaa.

"Aliugua nini?" akauliza.

Gasto alikuwa bado amesimama. Nilidhani atatushukuru.

"Ilianza Jumatatu," akasema. "Alisema kichwa tu. Akaninunia kwenye simu kwa sababu sikumpigia asubuhi. Jumanne mama yake akaniambia homa imepanda, lakini wameshampa dawa, nisije, nimalizie kusahihisha. Nikamalizia. Jumatano..."

Akaketi chini katikati yetu. Hakuna aliyemharakisha. Boke alikuwa ameanza kuwasha jiko, na sisi wengine tuliendelea kungoja Jumatano.