Nusu Ekari ya Mama Jolie

Saa moja asubuhi, baridi ya Septemba imekaza nje kidogo ya Buffalo, kaskazini mwa Marekani, na Esperance Nshombo anachimba viazi vitamu kwa hasira. Anang'oa shina, anakung'uta udongo, anapanga viazi kwenye kreti bila kuvichubua. Salamu haitikii mara moja.

"Baridi kali ikifika humu udongoni, vyote vinaoza," anasema. "Tutasalimiana baadaye."

Esperance, miaka arobaini na sita, kanisani wanamwita Mama Jolie. Alitoka Walungu, Kivu Kusini, akafika hapa mwaka 2012. Jioni hufungasha mizigo ghalani; asubuhi ni mkulima. Hutumiwa miche na binamu yake Zéphyrin wa Louisville, kusini zaidi, ambako joto huwahi. Huku yeye hufunika matuta kwa plastiki nyeusi ili udongo upate moto. Wanunuzi wake wengi ni Wakongo na Wakenya wa Columbus, mwendo wa saa tano kwa gari, wanaotaka viazi na matembele yake.

Lakini ukitaja mwaka 2014, jembe linasimama.

Mwaka huo mradi wa kilimo wa wakimbizi ulimpa ekari moja. Viazi vilipokomaa, alifanya kama mama yake: akaviacha ardhini, awe anachimba kidogo kidogo. Kwao udongo ndio ghala. Oktoba baridi ikashuka. Alipochimba, alikuta uji mweusi unaonuka. Tani tatu zilipotea.

Ripoti ya mradi ikasema mama huyo hana ujuzi wa kilimo. Akanyang'anywa nusu ekari. Aliyeiandika ni afisa wa mradi, Derrick Ombati, Mkenya aliyekuja Marekani kusoma.

"Mzungu ningemsamehe," anasema Mama Jolie. "Lakini Ombati? Bibi yake huko Kisii aliacha viazi ardhini kama sisi. Alipita hapa kila wiki, akaona sichimbi, akanyamaza. Bon, kisha akaandika mi sijui kulima. Mi nalima tangu nikiwa na miaka saba."

Siku hizi huvuna mapema, kisha huweka viazi wiki nzima katika chumba chenye hita na mabeseni ya maji ya kuleta unyevu, hadi ngozi ikaze. Vya mwaka jana vilifika Pasaka vikiwa vizima.

Saa tatu gari la mradi linaingia. Ombati anashuka na kamera.

"Mama Jolie, umeamkaje? Kesho tuna wageni, wale wanaotufadhili. Naomba picha moja tu, umeshika kreti."

"Picha ya mtu asiyejua kulima?"

"Hayo yalipita, mama."

"Yalipita wapi? Nusu yangu ile pale, magugu yanafika kiunoni."

Ombati anacheka, kisha anagundua anacheka peke yake. "Uamuzi haukuwa wangu."

"Maneno yalikuwa yako. Ulijua baridi inakuja?"

Anatazama viatu vyake. "Nilijua. Nilidhani na wewe unajua."

"Donc, basi andika hivyo. Uwape walewale uliowaandikia."

Kamera inarudi mkobani bila picha.

Mama Jolie anataka ekari yake nzima kabla ya miche ya Juni, na ameshapanga namna ya kuidai.

"Kesho nitawaambia wageni mwenyewe," anasema, akiinama tena tutani. "Kiingereza changu ni kidogo, kwa hiyo Ombati atatafsiri. Na binti yangu Jolie, anayekijua vizuri, atasimama karibu, asikilize kama Ombati anaruka neno."