Springi za Magari ya Harusi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa na cheti cha ufundi wa magari, nimevaa ovaroli niliyoipunguza mwenyewe kiunoni ili isinipwaye, na Msimamizi wa Zamu akaniangalia juu mpaka chini, kisha akaniletea ufagio. Sikumbishia. Nilifagia karakana nzima ya shirika la umma la usafirishaji pale Mbeya, nikauegemeza ufagio ukutani, nikamfuata. "Nimemaliza," nikamwambia. "Gari langu ni lipi?" Wanaume wakacheka. Mimi nikabaki nimesimama palepale mpaka akachoka kuniona, akanipa gari.

Mkuu wa Karakana alikuwa mzee mwembamba, mkali, asiyependa maneno mengi. Wiki ile ile aliniita pembeni akanionyesha juu. Bati lilikuwa na tundu.

"Unaliona?"

"Naliona, Mzee."

"Limetobolewa na springi. Fundi alilegeza nati ya juu kabla ya kubana. Sasa ana jicho moja, anauza nyanya sokoni." Akaniwekea springi mikononi, nzito ya kutosha. "Springi iliyobanwa ni hasira iliyofungwa kamba. Ukiifungua ovyo, haiulizi wewe ni mtoto wa nani."

Kwa hiyo nilifundishwa kutumia kibanio. Ni vyuma viwili virefu vyenye nyuzi, kila kimoja na makucha yake. Unavikamatisha kwenye springi, kimoja huku na kingine kule, halafu unakaza kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwa zamu, bila papara. Ukikaza upande mmoja peke yake, springi inapinda na kuchomoka. Wapo waliobana kwa minyororo, wapo waliobana kwa kamba ya katani na kumwomba Mungu. Mimi Mungu namwomba kanisani. Kazini nilitumia kibanio.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa kituo chetu cha Kyela, nyumbani kwetu hasa, kwenye malori ya mpunga na kakao. Meneja wa Kituo alikuwa na wimbo mmoja tu: "Mama Tusekile, haraka, mpunga haungoji." Nami nilimjibu kila siku kwamba hata mlima wa Tukuyu haungoji, gari likishindwa breki pale utamkuta dereva mtoni. Alinuna, lakini hakuna lori langu lililoishia mtoni. Kisha zikaja zama za ruksa, biashara ikaachiwa watu binafsi, mashirika yakafungwa moja baada ya jingine, na la kwetu nalo likafungwa. Tuliitwa uwanjani, tukasomewa majina, tukaambiwa kwaheri. Wenzangu wengi walirudi Busale na Ipinda kulima. Mimi nikabeba kibanio changu nikaenda Mbugani, palepale Kyela mjini, kutafuta mahali pa kufungua gereji.

Mahali nilipata nyuma ya duka la spea la Alhaji. Alhaji alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, mcheshi, mwenye kanzu iliyonyooka saa zote. Nilikaa uani kwake, nikatengeneza magari, naye akauza spea kwa wateja wangu. Tulielewana vizuri, sitamsingizia.

Basi ruksa ikaleta magari madogo ya mitumba kutoka Japani, na magari madogo yakaleta fasheni. Kijana akienda Mbeya akaona gari limeshushwa, tumbo linakaribia kugusa lami, anarudi Kyela anataka la kwake lilale vilevile. Hata maharusi wakataka gari la chini, linalotambaa polepole ili watu waone. Nilikuwa nawaambia wazi: kushusha gari ni kazi ya gharama. Unahitaji springi fupi zilizotengenezwa ziwe fupi na ngumu, na hizo hazipatikani kila duka. Unahitaji shokapu zinazolingana nazo, maana shokapu ya kawaida kwenye springi fupi inagota mpaka inapasuka na kumwaga mafuta. Raba ya kugotea lazima ipunguzwe. Ukishamaliza, magurudumu yanakuwa yamelala pembe, kwa hiyo lazima uyapange upya, kazi tuliyoiita alaimenti, la sivyo tairi zinaliwa upande wa ndani. Wateja walikuwa wakisikia hayo wanashika kiuno. "Mama, kwa gharama hiyo si ninunue shamba?" Nikawaambia nunua shamba, shamba halishushwi.

Wenzangu wa upande wa pili wa barabara walikuwa na njia yao. Wanawasha gesi, wanakata mkunjo mmoja wa springi, au wanaichoma mpaka inakuwa nyekundu na gari linajishukia lenyewe. Muda wa kunywa chai, kazi imeisha, bei ya kilo ya sukari. Lakini chuma cha springi kikichomwa hivyo kinakufa. Na springi iliyokatwa inakuwa fupi kuliko nafasi yake. Gurudumu likining'inia shimoni, springi inalegea na kuchomoka mahali pake.

Halafu walikuwa na kosa jingine, na hili ni la kwetu Kyela hasa. Walipima kimo cha gari likiwa tupu. Mbeya mjini labda gari la harusi linakwenda tupu. Kyela, nani amewahi kuona? Bibi harusi akitoka kwao, mashangazi wanajaza buti: mchele, mkungu wa ndizi, sufuria, kuku hai. Ukikataa umewatukana. Na barabara zetu za vumbi zina mgongo katikati, umetengenezwa na malori. Ndiyo maana mimi nilipima gari likiwa na mzigo. Mwanzoni niliwaita watu wenyewe wakae ndani, mpaka siku moja baba wa bwana harusi alipokuja na kujipakia kiti cha mbele, na mkwewe mtarajiwa akakimbilia nyuma ya ukuta, kwa sababu kwetu mwanamke hakai uso kwa uso na baba mkwe. Nilimwita, wapi. Tangu hapo nikatumia magunia ya mchele. Gunia halina mkwe.

Msimu mmoja baada ya mavuno, Alhaji alileta magari matatu meupe kwa ajili ya kukodisha kwenye harusi. Akaniita.

"Mama Tusekile, yashushe. Jumamosi yaanze kazi."

Nikamtajia vinavyohitajika. Dukani kwake alikuwa na seti moja tu ya springi fupi, nyingine zilipaswa kuagizwa Mbeya. Akacheka kicheko chake cha kistaarabu.

"Bibie, hizo ni anasa. Kata kwa gesi."

"Sikati."

"Mbona wenzako wanakata?"

"Basi wape wenzangu."

"Nitawapa," akasema, sasa hacheki, "na uani kwangu nitawapa vilevile. Siwezi kuweka fundi anayenikatalia kazi ndani ya nyumba yangu."

Nilikuwa na watoto wanaosoma na mume aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Ule ua ndio ulikuwa chakula chetu. Nilikasirika, lakini sauti sikuipandisha. Nikamwambia, "Alhaji, ua ni wako. Mikono ni yangu." Nikapakia vyombo kwenye mkokoteni, nikahamia kando ya barabara ya Ipinda, chini ya turubai. Mwezi wa kwanza nilitengeneza baiskeli na mashine za kukoboa. Watu walipita wakiniuliza, "Ugonile, mama, bado una kiburi?" Nikawaitikia salamu.

Magari ya Alhaji yalikatwa kwa gesi yote matatu. Harusi za kwanza zilipita salama, akanicheka. Kisha moja likaelekea Busale kumchukua bibi harusi, na wakati wa kurudi, buti limejaa, tumbo likapanda mgongo wa barabara, gurudumu la nyuma likaingia shimoni, springi ikachomoka. Gari likalala ubavu kwenye mfereji wa mashamba. Hakufa mtu. Binti wa watu aliingia kanisani kwa miguu, shela lina matope mpaka magotini, mama yake akilia nyuma. Alhaji akasema kosa ni la dereva. Akairudisha springi ileile, gari likaendelea na kazi.

Haukupita muda mrefu nikamwona Alhaji mwenyewe anashuka kutoka kwenye lile zuri kuliko yote kati ya yale magari meupe matatu, mbele ya turubai langu. Akanisalimu kwa adabu isiyo ya kawaida yake.

"Mama Tusekile, binti yangu anaolewa Jumamosi, anapelekwa Matema. Nataka ulitengeneze hili. Springi zile za dukani nimekuja nazo. Kila ulichosema siku ile, fanya."

Nikalizunguka gari. "Na mengine mawili yako wapi?"

"Yana kazi Jumamosi."

"Yanabeba maharusi?"

"Ndiyo. Lakini hayo si..."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Alijua kuliko dereva, kuliko wale wa gesi. Alijua, na aliona inatosha kwa mabinti wa wenzake. Niliwahi kuudhiwa maishani, lakini siku ile niliudhika mpaka nikatulia.

"Alhaji, binti yako nampenda. Alikuwa ananiletea maji pale uani. Lakini sigusi gari hili peke yake. Lete yote matatu, au ondoka nalo."

"Springi ninazo seti moja."

"Basi la asubuhi linakwenda Mbeya, jioni linarudi."

"Unajua gharama yake? Nitakula hasara msimu mzima."

"Nilikutajia gharama mapema. Ukaiita anasa."

Akaniomba. Akanitajia malipo mara mbili kwa lile moja. Akanikumbusha miaka niliyokaa kwake. Akaniambia atanirudishia ua. Nami nilikuwa naihitaji ile fedha, wanangu walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, nasema wazi. Nikachukua kitambaa, nikawa nafuta spana zangu. Mwisho akaingia ndani ya gari akaondoka kwa hasira. Nikajiambia, basi, kazi nimeikosa.

Kesho yake jioni yalikuja yote matatu yamefuatana, na springi za Mbeya zimo kwenye boksi.

Nilianza na yale mawili ya mabinti wa wenzake. La binti yake nililiweka mwisho, na sikumficha. Jumamosi asubuhi alisimama pale na kanzu yake ya harusi akiangalia jua. Mikono yangu miwili haikutosha, nikamnyooshea spana. "Shika upande huo, Alhaji. Nikisema kaza, kaza robo. Usizidishe." Akashika. Springi ikaanza kujikunja ikilia, jasho likamtoka.

"Hii ikifyatuka?"

"Ndicho nilichokuwa nakwambia."

Tukakaza kwa zamu mpaka mwisho. Nikaweka magunia ya mchele kwenye buti na viti, nikapima, nikalishusha kwenye jeki. Lilikaa chini kwa heshima yake, si kwa kulala. Alhaji akafuta mikono kwenye kanzu bila kujijua, akaniambia, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, yeye ambaye hakuwahi kukisema. Akalipa yote. Ua akanipa tena. Nikakataa. Nilikwisha kuizoea barabara ya Ipinda.

Nimestaafu sasa, mabega hayakazi tena. Vijana wa leo wanakata springi kwa grinda badala ya gesi na wanasema hiyo ni teknolojia. Mmoja aliniuliza juzi siri ya kazi ni nini. Nikamwambia hakuna siri. Mtu akikuletea gari, muulize kama angempakia mwanawe. Akisita, mrudishie funguo, hata kama siku hiyo kwako hapajapikwa.

Mjini bado wananiita mkaidi. Wakiniita, naitika.